Picha zako usiziache kwenye folda ya Pictures

Wenzangu mnaoshuti harusi na kutunza video za watu, naombeni mnisikilize kwenye hili, zile folda za Pictures na Documents unazozikuta kwenye Windows msiziamini kabisa, mimi siweki kitu cha maana humo miaka sasa.

Oktoba 2018 Microsoft walitoa apdeti ya Windows 10 toleo la 1809, watu wakaapdeti kama kawaida, kuja kuwasha kompyuta picha hakuna, dokumenti hakuna. Kumbe kuna waliokuwa wamehamishia folda zao diski D ili C isijae ila mafaili mengine yakabaki kule kwa zamani, apdeti ikaona folda ya zamani haina kazi ikaifuta na vilivyomo ndani. Wakaisimamisha, wakasema walioripoti kupoteza mafaili ni asilimia 0.01 tu, ikarudi Novemba. Hiyo asilimia hainitulizi hata kidogo, maana bibi harusi akija kudai video yake utamwambia nini? Mfumo hauna ruhusa ya kugusa faili la mtu bila kumuuliza, basi.

Halafu OneDrive, ile hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft. Bekapu yake ikiwashwa, na wengi wanaikubali bila kujua wakati wa kuseti laptop mpya, folda zako zinahamia ndani yake. Kuhakikisha, bofya faili kwa kitufe cha kulia cha mausi, ingia Properties, soma Location, ukikuta neno OneDrive kabla ya Pictures ujue zishahama. Na nafasi ya bure ni GB 5, harusi moja tu haienei. Ukiona kiwingu pembeni ya faili, faili lenyewe halipo kwenye kompyuta, bando likiisha hulifungui ng'o.

Mimi natengeneza folda yangu kule D, D:\Harusi, kopi ya pili inaenda hadi diski ya nje na nikimaliza naichomoa hapohapo, apdeti ije isije haitaikuta. Kadi ya kamera siifomati mpaka nifungue video kutoka kopi ya pili nione zinacheza mpaka mwisho.

Ukiamua kuzima ile bekapu ya OneDrive, usishtuke ukikuta Pictures tupu, mara nyingi mafaili yamebaki ndani ya folda ya OneDrive, yakopi kwanza uyafungue uyaone, ndo ufute ya kule.