Re: Kona moja ya paa la remorki haipandi

Ndugu yangu, umeuliza sababu gani kona ya nyuma kushoto ya remorki yako ya kulalia (ile inavutwa na gari, paa yake inapandishwa na kushushwa) inabaki chini wakati zingine tatu zinapanda, na manivele, ule mkono wa kuzungusha winchi, imekuwa nguvu. Kwanza acha kuzungusha, usilazimishe! Kona moja tu ikikataa mara nyingi winchi (mashini ya kukunja kamba) haina kosa, juu winchi inavuta kamba moja kubwa ya chuma chini ya shasi na kutoka pale kila kona iko na kamba yake, basi angalia kamba ya kona ile, ama puli (kigurudumu kamba inapitia) imekwama, ama resori (springi) ndani ya bomba la kona ile.

Mbele ya kuingia chini simamisha miti ya nguvu kwa kila kona, nakuomba sana, paa ikianguka inavunja mkono.

Kisha lala na tochi upitishe kitambaa kwa kamba, si mkono mtupu. Yangu hapa Goma kitambaa kilinasa karibu na puli, nyuzi tatu zilikuwa zimekatika, na puli imejaa yale mavumbi meusi ya volkano yamechanganyika na grisi yamekuwa kama simenti. Tangu siku ile natia silikoni kavu tu, ile ya kulainisha bila kushika mavumbi.

Na usitie mafuta kwa breki ya winchi, visahani vyake vinashika kwa kusuguana, ukivilowesha paa itashuka yenyewe. Ile tik-tik wakati wa kupandisha ni kawaida, ikinyamaza ndiyo uogope.

Kamba ikikatika nyuzi badilisha yote, usiunge.