Kumsafirisha mgonjwa kwa ndege kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam

Ndugu muulizaji, nimeelewa kwamba mama yako, aliyefanyiwa upasuaji karibuni, ana miadi Muhimbili saa nne asubuhi, nawe unauliza kama ndege ya alfajiri kutoka Mwanza itamwahisha. Umbali wa angani ni takriban kilomita 850, ambao ndege ya jeti huumaliza kwa kama saa moja na nusu, ilhali ya pangaboi huchelewa zaidi. Kinachokula muda hasa ni kusubiri mizigo, kisha foleni ya Barabara ya Nyerere, ambayo asubuhi haina huruma. Kwa hiyo ningeshauri muondoke siku moja kabla. Daktari wake athibitishe kwanza kwamba anaweza kupanda ndege, na kiti cha magurudumu kiombwe mnapokata tiketi.