Polisi wanataka niandike "ameanguka"

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni tabibu kwenye kituo cha afya. Askari walileta mahabusu mwenye nyayo zilizovimba na michirizi mgongoni, wakasimama palepale wakitaka PF3, fomu ya polisi ya majeruhi, ijazwe haraka, eti ameanguka. Nikiandika ninachokiona, si nitaambiwa naingilia siasa?

JIBU: Marahaba. Kuandika unachokiona ndiyo kazi yenyewe, na mgonjwa huyo ana wewe tu.

Waombe askari wasogee hadi wasikoweza kusikia. Wakikataa, andika kwenye ripoti kwamba walikuwepo. Ndivyo inavyoelekeza Itifaki ya Istanbul, mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1999 uliopitiwa upya 2022. Mweleze mgonjwa ripoti itaenda wapi, umwombe ridhaa.

Kisha mkague mwili mzima. Kila jeraha lipime kwa rula, lichore kwenye mchoro wa mwili, na akiridhia lipige picha rula ikiwa pembeni. Fimbo mara nyingi huacha mistari miwili sambamba, katikati pasipovilia damu, kwa sababu vimishipa hupasuka kingoni mwa pigo. Kuanguka hakuachi michoro ya namna hiyo. Kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu hujificha, kwa hiyo papasa pia: uvimbe, joto, maumivu. Mwangalie anavyokanyaga. Na usisahau mkojo: ukiwa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea, huenda misuli imeharibika na figo ziko hatarini. Hapo matibabu kwanza, fomu baadaye.

Maneno yake yanukuu kama alivyoyasema. Usimtaje mhalifu kwa hukumu yako. Sema tu alama zinaoana kiasi gani na maelezo yake: haziendani, zinaweza kuendana, au zinaendana sana. Ngozi isipokuwa na alama, hilo halithibitishi kwamba hakuteswa.

Hofu yako naielewa. Lakini mwaka 1977, huko Afrika Kusini, daktari Ivor Lang aliandika kwamba hakuona kasoro yoyote kwa mahabusu Steve Biko, mpinzani wa ubaguzi wa rangi, na siku chache baadaye Biko akafariki. Mwaka 1985 daktari kijana aliyefanya kazi chini ya Lang huyohuyo, Wendy Orr, alipeleka mahakamani kumbukumbu za majeraha ya mahabusu wa Port Elizabeth, na mahakama ikawazuia polisi kuwapiga.

Nakala ibaki kwenye faili la kituo, na mganga mfawidhi ajue siku hiyohiyo, usilibebe peke yako.