Besi inavuma, mwimbaji hasikiki

SWALI: Fundi, spika zangu mbili nimezisukuma hadi kwenye kona ili zisizibe njia. Besi inavuma kama pipa tupu, maneno ya mwimbaji siyapati. Ninunue amplifaya kubwa zaidi?

JIBU: Usinunue kitu, ndugu yangu. Kona ndiyo inayokuponza: kuta mbili na sakafu huikuza besi hadi ikayafunika maneno. Nami niliishi na kosa hilo miaka mitatu, nikizilaumu kaseti.

Zivute spika kama nusu mita kutoka ukutani, kisha zisogeze kidogo kidogo huku ukisikiliza wimbo uliouzoea. Mimi hupima kwa kamba: umbali kati ya spika na spika uwe sawa na wa kila spika hadi kiti chako. Zigeuze kidogo zikuelekee, na kile kispika kidogo cha sauti nyembamba kiwe usawa wa masikio. Zangu niliziinua kwa matofali. Mke wangu akanuna, ila matofali hayajaondoka.

Mwimbaji sasa atasikika katikati, pale pasipo na spika. Asiposikika hapo, kagua nyaya: nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, kwa spika zote mbili.