Re: Mdogo wangu kila akienda BTP sauti inakata, ni mafua au kuna namna ya kupima?

Mkuu nimesoma uzi wako, kwamba mdogo wako yuko diploma ya ualimu, akienda BTP (yale mazoezi ya kufundisha shuleni) sauti inakauka, famasi wanampa amoksilini, akirudi chuo inapona, akienda tena inakata tena. Mi ni mkufunzi huku Kanda ya Ziwa, kukagua wanachuo BTP ndo sehemu ya kazi yangu kwa miaka mingi, hivo hili nalijua kwa karibu.

Kwanza mafua hayafuati ratiba ya chuo. Kitu kinachokuja akisimama darasani na kuondoka akipumzika, hayo ni matumizi ya sauti. Na hata hiyo inayokauka kwa mafua ya kweli mara nyingi ni virusi, amoksilini hapo mnachoma hela tu.

Sasa kupima. Shida ya hawa vijana ukiwauliza hawasemi, anaogopa maksi, na pia kweli haoni kama ni tatizo maana kila mwalimu pale shuleni anakwaruza, anajua ndo ualimu wenyewe ulivyo. Kuna binti nilimkuta darasa la tatu, watoto wamejaa mpaka mlangoni, bati halina dari na mvua inapiga, anafundisha kutoa kwa kukopa. Baada ya kipindi nikamuuliza sauti vipi, akanijibu "iko freshi tu mkufunzi", na hiyo freshi yenyewe imetoka nusu hewa. Nikabadilisha swali, jioni ukimpigia mama simu anakwambiaje? Akacheka. "Kila siku ananiuliza kama naumwa."

Basi muulizeni hivo, vitu anavyoviishi. Wataalamu wa sauti wana dodoso linaitwa VHI, lilitoka Marekani 1997 likiwa na maswali 30, mwaka 2004 ikatoka fupi ya maswali 10. Ni maswali ya kawaida tu, watu wanapata shida kukusikia kwenye kelele? unatumia nguvu kuongea? Kila swali unajipa 0 mpaka 4, sifuri haijawahi kutokea, nne ni kila wakati, na kwenye hiyo fupi jumla ikipita 11 kati ya 40 kuna kitu cha kufuatilia. Ila akijua karatasi inaenda kwa mkufunzi ataandika sifuri tupu, hivo ajaze mwenyewe abaki nayo.

Mi ninachokiamini zaidi ni rekodi. Kabla hajaripoti shule, asubuhi koo likiwa limetulia, achukue simu ajirekodi anasoma aya moja ya kitabu chochote, halafu avute pumzi atamke "aaaa" kwa sauti yake ya kawaida mpaka pumzi iishe huku anahesabu sekunde. Mtu mzima asiye na shida mara nyingi anafika 15 na kuendelea, akiwa chini ya 10 hapo uliza maswali. Kisha aya ileile airudie Ijumaa jioni na Jumatatu asubuhi kila wiki. Jumatatu ikiwa safi, ule ulikuwa uchovu na wikiendi imeurudisha, lakini Jumatatu ikikwaruza kama Ijumaa ujue nyuzi za sauti hazipati tena muda wa kupona. Bila ile rekodi ya mwanzo hamna cha kulinganisha, na ndo maana nawalaumu wenye vyuo, fomu ya afya ya kujiunga inauliza macho, mkojo, kifua, sauti anayoenda kuifanyia kazi miaka 30 hakuna anayeigusa.

Rekodi haioni ndani lakini. Ikikwaruza mfululizo wiki nne bila kukaa sawa aende kwa daktari wa masikio, pua na koo, huku kwetu hospitali ya Bugando, Mwanza, wapo, apitishiwe kamera nyembamba puani waziangalie nyuzi zenyewe. Wakikuta vinundu msikimbilie kuwaza kisu, kwa kawaida wanaanza kwa kumfundisha upya namna ya kutumia sauti. Akiona damu, akimeza kwa shida, pumzi ikibana au uvimbe ukitokea shingoni asisubiri hizo wiki nne.

Halafu muulize anafanya nini nje ya darasa, hapa ndo wengi wanakamatwa. Asubuhi yuko zamu anaimbisha mchakamchaka, Jumamosi mazoezi ya kwaya, Jumapili ibada mbili, halafu tunasingizia chaki. Na sauti ikikata asinong'one akidhani anaipumzisha, kunong'ona kwa nguvu kunakaza koo vilevile, anyamaze tu, watoto wafanye zoezi ubaoni. Tangawizi na asali sina ugomvi nayo, inatuliza koo, ila haigusi nyuzi zenyewe sababu ukimeza ile njia inajifunga. Maji anywe kidogo kidogo siku nzima, na kile kipaza sauti kidogo cha kufunga kiunoni akikipata akitumie, amwambie tu mwalimu mkuu mapema asije akaonekana anaringa.