Unapeleka watu kumi kula pupusa? Sikia yaliyonikuta

Juzi msomaji kaniandikia, mdogo wake kamaliza chuo hapa Maryland, Marekani, na anataka kuwapeleka watu kumi sehemu isiyoumiza mfuko, "kaka, kwa Wasalvador, watu wa El Salvador, panafaa?" Panafaa sana, na kwa hili niulizeni mimi maana nusu ya Wabongo wa huku pupusa, ule mkate bapa wa mahindi wa Wasalvador wenye vitu ndani, wameijulia kwangu, sijisifu ila ndo ukweli.

Mwaka jana nilipeleka watu kumi na mbili kwenye kimgahawa kimoja Langley Park, Wasalvador wamejaa pale, wengi familia zao zilikimbia vita ya kwao ya 1980 mpaka 1992. Tivii ya mpira juu ukutani, na jikoni unamuona mama anapaka mafuta viganjani, anabonyeza donge la unga wa mahindi katikati, anashindilia jibini na maharage, anafunga, halafu pa pa pa pa mpaka linakuwa bapa, chumani. Nikiisikia hiyo pa pa pa mate yananitoka hata leo.

Sasa kila pupusa inapigwa ukishaagiza. Mi kwa ujuaji wangu nikaacha kila mtu aagize kwa muda wake, wa kwanza wamekula wameshiba, wa mwisho hata soda hawajaiona. Kuona watu wananuna nikaongeza sahani ya revueltas, nikamsogezea dada mmoja wa Tanga, muislamu safi. Kamega, iko karibu na mdomo, kauliza "hii nyama gani?" Jamani. Revuelta ni maharage, jibini na chicharrón, na chicharrón ya Wasalvador ni nguruwe aliyesagwa mpaka humtambui. Yule dada aliweka tonge chini taratibu, hakusema neno, na hicho kimya ndo kiliniuma kuliko angenitukana.

Bili ikaja. Jamaa mmoja aliyekula supu ya samaki na kamba na bia tatu kaniachia dola kumi na tano, katoka "kupokea simu", hajarudi mpaka kesho. Nikafidia dola 41 kutoka mfukoni, na bakshishi nikaweka mara mbili, kumbe kwa kundi kubwa walishaijumlisha, nimekuja kuiona nyumbani kwenye risiti.

Kwa hiyo ndugu yangu, kusanya hela kabla, ishirini ishirini kwenye simu, asiyetuma haji. Agiza za wote kwa mpigo, tatu kila mtu zinatosha, katikati weka yuca frita ambayo ni mihogo ya kukaanga tu hata bibi yako ataila. Curtido, ile kabichi ya siki na oregano, jaza juu, na kula kwa mkono, uma wa nini. Na uliza manteca, mafuta ya nguruwe, maana hata maharage wengine huyakaangia humo. Vijana tukifika nje tunasahau kuulizana, kwetu mgeni anaulizwa anakula nini kabla sufuria haijabandikwa, tumekuwaje? Na kusanya hela kabla, narudia.

Yule dada nilimwomba msamaha wiki mbili. Tuliporudi tulikuwa wawili tu, akamuuliza mhudumu mwenyewe "manteca?" kwa sauti ya ukali kama mzaliwa wa San Salvador, akaambiwa hakuna, akala nne za jibini na loroco, yale maua yasiyochanua, na ya kwangu moja.