Kwa nini manowari ya Fox ilisita nje ya bandari ya Tanga?

SWALI: Shikamoo Kamanda. Nafundisha historia sekondari hapa Tanga. Novemba 1914, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza walikuja na askari wapatao 8,000, mji ukiwa karibu mtupu, halafu nahodha wa Fox akapoteza muda kusaka mabomu ya baharini ambayo hata hayakuwepo. Wanafunzi wanasema alikuwa mwoga. Niwajibu nini?

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Wanafunzi wako wanamhukumu kwa tunayoyajua leo. Asubuhi ya tarehe 2, Kapteni Caulfeild hakujua kama maji yametegwa. Alimwuliza Auracher, mkuu wa wilaya wa Kijerumani, ingawa jibu la adui, liwe ndiyo au siyo, halikuongezei kitu. Njia ya kuingilia Tanga unaijua, imebanwa na mafungu. Meli iliyosheheni askari ikigusa bomu pale, umepoteza mamia ya watu na huenda njia yenyewe imeziba. Kutanguliza tagi, boti ndogo ya kuvuta meli, isafishe njia ni amri ambayo hata mimi ningeitoa.

Kosa naliona kwingine. Hatari ya bomu alikuwa nayo mbele ya macho, lakini hatari ya kuchelewa ilikuwa Moshi, kwenye reli. Fox ilitangulia kuja kuwaarifu Wajerumani kwamba makubaliano ya kutoishambulia Tanga yamefutwa. Baada ya hapo, kila saa ya kutafuta uhakika ilimpa von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, nafasi ya kushusha askari wake kwa treni kutoka Moshi. Kamanda anayesubiri taarifa lazima ajiulize: nikiipata, itabadilisha amri yangu? Kikosi cha kwanza kilishushwa usiku huohuo Ras Kasone, nje ya bandari. Kama ni hivyo, kulikuwa na haja gani ya kubisha hodi kwanza?

Tusimbebeshe yeye peke yake. Mkuu wa msafara alikuwa Jenerali Aitken, naye aliridhia. Na nyuki waliowashambulia askari vitani, ambao kila mtu Tanga anapenda kuwasimulia, walikuwepo kweli, ila siku ya vita kubwa, tarehe 4, treni zilikuwa zimeshafika.

Darasani, wape wanafunzi taarifa za asubuhi ya tarehe 2 tu, wafiche matokeo, kisha waamue kwa dakika kumi. Nadhani wengi watasafisha njia kwanza. Hapo ndipo uwatajie reli.